Machu Picchu: Mji wa mawe unaotishwa na nyayo za wageni

MACHU Picchu ni mahame ya mji wa Wainka yaliyo juu ya mgongo wa mlima nchini Peru, mita 2,430 hivi kutoka usawa wa bahari. Mji huo ulijengwa karne ya 15, enzi ya mfalme Pachacuti, na wakazi wakauhama karne iliyofuata.

Mafundi wake hawakuwa na zana za chuma. Hata hivyo, waliyachonga mawe yakashikamana bila chokaa. Matuta na mifereji waliyoijenga kwenye miteremko huondosha maji ya mvua na kuuzuia udongo usiporomoke.

Mwaka wa 1911, wenyeji walimwongoza Mmarekani Hiram Bingham hadi huko. Vifaa vya kale alivyovisafirisha hadi Chuo Kikuu cha Yale vilirejeshwa Peru mnamo 2011 na 2012.

Magofu hayo yaliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 1983. Watalii huwapa riziki wakazi wengi wa eneo hilo, lakini nyayo zao huyachakaza mawe yaliyostahimili mvua kwa karne nyingi. Ndiposa serikali huwekea kikomo idadi ya wageni wa kila siku, nayo njia ya kale ya Wainka hufungwa kila Februari ili ikarabatiwe.