Kwa nini wacheza gofu wengi wanaishi Florida? Historia ya kazi isiyo na uwanja wa nyumbani

Hebu fanya jaribio dogo kabla hatujaanza. Andika majina ya wacheza gofu maarufu unaowakumbuka, kisha tafuta walijenga au kununua nyumba wapi. Tiger Woods alizaliwa California, akaenda Florida. Ernie Els ametoka Afrika Kusini, naye Florida. Greg Norman wa Australia, Luke Donald wa Uingereza, Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini, wote kwa nyakati tofauti wameweka makazi Florida. Tena siyo Florida yote! Wengi wamejibana kwenye kipande kimoja cha pwani kaskazini mwa Miami, mji wa Jupiter na majirani zake.

Ukimuuliza mtu kijiweni atakujibu kwa neno moja: kodi. Na mimi nilianza hivyo hivyo. Lakini kadiri nilivyochimba, ndivyo jibu hilo lilivyozidi kunipwaya. Siyo kwamba ni la uongo, ila linaanza hadithi katikati.

Turudi nyuma kidogo, mpaka Scotland ya karne ya 19. Tom Morris, aliyezaliwa St Andrews mwaka 1821, hakuwa na habari ya kuchagua mahali pa kuishi. Aliishi penye kazi. Alikuwa fundi kwenye karakana ya Allan Robertson, wakitengeneza mipira ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1840 ukaingia mpira mpya uliotengenezwa kwa utomvu mgumu wa mti, bei yake chini kabisa. Robertson aliuchukia, maana ulikuwa unamla biashara yake. Siku moja akamkuta Tom anaucheza, na hapo ndipo walipoachana. Mwaka 1851 Tom akahamia Prestwick, upande wa pili wa nchi, kutunza uwanja wa klabu mpya. Mwaka 1864 klabu ya St Andrews ikamrudisha nyumbani kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Basi. Mcheza gofu wa kulipwa wa wakati ule alikuwa mwajiriwa wa klabu: anakata nyasi, anatengeneza fimbo, anafundisha mabwana, na mashindano anacheza akipata nafasi.

Mfumo huo ulivuka bahari na Waskoti waliokwenda kufundisha gofu Marekani, na huko ukakutana na tatizo ambalo Scotland halikuwa kubwa hivyo: theluji. Klabu za Michigan, Ohio na New York zilifungwa miezi kadhaa kila mwaka, na mwalimu akabaki hana kipato. Afanye nini? Akapanda treni kwenda kusini. Hoteli za kitalii za Florida zilishajengwa kando ya reli ya tajiri Henry Flagler, na zilihitaji watu wa kuwaburudisha wageni wao wa msimu wa baridi. Mwaka 1922 yakaanza mashindano ya Texas mjini San Antonio, na mwaka 1926 yale ya Los Angeles yakatoa zawadi ya dola 10,000, hela ndefu sana kwa wakati ule. Yaani ile ziara ya mashindano tunayoiona leo kwenye televisheni ilianza kama njia ya walimu wa gofu kukwepa njaa ya miezi ya theluji.

Mtu aliyekata kamba kabisa ni Walter Hagen. Alishinda ubingwa wa wazi wa Marekani mwaka 1919 akiwa ameajiriwa na klabu ya Oakland Hills, Michigan, kisha akaacha kazi. Akaamua kuishi kwa fimbo zake, kwa zawadi, maonyesho na matangazo. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza kucheza kule Deal, akaambiwa wachezaji wa kulipwa hawaruhusiwi kuingia jengo la klabu. Akakodi gari la kifahari, akaliegesha mbele ya mlango, akalifanya chumba chake cha kubadilishia nguo. Watu wengi wanaisimulia hadithi hii kwa kucheka, lakini mimi naiona nzito kidogo. Kwa mara ya kwanza tunamwona mcheza gofu ambaye hana bosi wala mlango wa nyuma anaolazimika kuupitia. Na asiye na bosi anaweza kukaa popote.

Hapo ndipo ninapopaona pa msingi. Mfikirie Mbwana Samatta: alipokwenda Genk ilimlazimu ahamie Ubelgiji, maana mazoezi ni kila siku na uwanja wa nyumbani uko huko. Mcheza gofu hana uwanja wa nyumbani. Kila wiki kazi yake inahama, leo California, wiki ijayo Arizona, baadaye Scotland. Hana mwajiri anayemtaka aripoti asubuhi. Nyumba yake ni mahali pa kulala kati ya safari, pa kufanyia mazoezi, na, ndiyo, pa kulipia kodi.

Florida ilijiandaa kuwapokea watu wa aina hiyo mapema. Mwaka 1924, wakati ardhi yake ikigombewa kama njugu, wapiga kura waliweka kwenye katiba ya jimbo marufuku ya kodi ya mapato. Siyo sheria ya kawaida ambayo bunge linaweza kuigeuza mwaka wa bajeti ukiwa mbaya. Ni katiba! Lengo halikufichwa: kuwavuta wenye fedha wa kaskazini waje wakae, siyo watalii tu. Wacheza gofu hawakuwa akilini mwa mtu yeyote, kwa kuwa wakati huo wengi wao walikuwa walimu wa mishahara midogo.

Pembeni ya katiba kuna jambo la mimea ambalo halisemwi sana. Nyasi laini za Scotland hazipendi joto la Florida. Nyasi iliyofaa ni ukoka. Ndiyo, ukoka huu huu unaoujua, unaotusumbua mashambani na kurudi kila ukiung'oa. Mtafiti Glenn Burton, kwenye kituo cha kilimo cha Tifton, Georgia, aliuchanganya ukoka wa kawaida na jamii yake yenye majani membamba kutoka Afrika Kusini. Zikapatikana mbegu mseto ambazo hazizai mbegu, bali hupandwa kwa vipande vya mashina, na zinavumilia kukatwa chini sana. Aina moja, Tifgreen, ilitolewa mwaka 1956, na Tifdwarf mwaka 1965. Viwanja vya kusini vikapata eneo la shimo lenye uso laini unaovumilia joto kali. Kwa hiyo mtu anayefanya mazoezi Jupiter mwezi wa kwanza, kwa kiasi fulani anakanyaga mmea wa Afrika.

Miaka ya 1960 Jack Nicklaus, mtoto wa Ohio, akahamia North Palm Beach. Arnold Palmer wa Pennsylvania akaipenda Bay Hill ya Orlando, baadaye akaimiliki, na kuishi huko kila msimu wa baridi. Palmer alikuwa rubani na aliendesha ndege yake mwenyewe. Huo ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye kazi inayohama kila wiki.

Sasa tuje kwenye kodi, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Marekani, kodi ya serikali kuu unalipa popote uishipo, lakini majimbo mengi yanaongeza ya kwao. California, baada ya kura ya Novemba 2012, ilipandisha kiwango cha juu hadi asilimia 13.3 kwa mapato yanayozidi dola milioni moja. Florida, sifuri. Ila usidhani mkazi wa Florida akishinda Pebble Beach anaondoka na hela yote. California inamkata kwenye zawadi aliyoipata ndani ya mipaka yake. Utaratibu huo wa kuwatoza wanamichezo wageni ulipata umaarufu baada ya fainali ya mpira wa kikapu ya 1991, California ilipowatoza wachezaji wa Chicago, na jimbo la Illinois likalipiza kisasi kwa sheria yake.

Faida kubwa ya anwani basi haiko kwenye zawadi. Iko kwenye udhamini: kofia, fimbo, saa, viatu. Hizo fedha hazina kiwanja, na kwa sehemu kubwa hufuata makazi ya mtu. Kesi ya Sergio Garcia dhidi ya mamlaka ya kodi ya Marekani, iliyoamuliwa mwaka 2013, inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka kama falsafa. Garcia alikuwa mkazi wa Uswisi, analipwa na kampuni ya fimbo. Swali lilikuwa: analipwa kwa kazi anayoifanya, au kwa matumizi ya jina na sura yake? Mahakama ikagawa: asilimia 65 ni mrabaha wa jina na sura, 35 ni kazi. Kwa mkataba kati ya Uswisi na Marekani, ule mrabaha haukutozwa kodi Marekani. Mtu mmoja, kofia moja, sehemu mbili!

Ulaya walishayaanza mapema. Uingereza ya miaka ya 1970 ilikuwa na kiwango cha juu cha asilimia 83 kwa mapato ya kazi, na Tony Jacklin akahamia kisiwa cha Jersey, ambako kiwango ni 20 tangu 1940. Ian Woosnam, ambaye wakongwe wa Muthaiga watamkumbuka kwa kushinda Kenya Open mwaka 1986, naye akaishi Jersey.

Je, kodi peke yake inatosha? Tuipime. Alaska, Wyoming na South Dakota pia hazitozi kodi ya mapato. Umewahi kusikia kijiji cha wacheza gofu Alaska? Jua peke yake je? San Diego ina hali ya hewa ambayo Florida, pamoja na vimbunga vyake, haiioni hata ndotoni. Halafu kuna Sea Island, jimbo la Georgia, linalotoza kodi ya mapato, na bado Davis Love III, Zach Johnson na wengine wengi wameishi pale. Baba yake Love alikuwa mwalimu wa gofu wa hapo. Walimu wapo, vifaa vipo, na mpinzani wa kufanya naye mazoezi yuko nyumba ya tatu. Jua linaondoa majimbo ya baridi kwenye orodha, kodi inachagua kati ya yaliyobaki, na majirani wanamalizia. Eneo la Jupiter na majirani zake lilipopata klabu ya Norman mwaka 1995, na baadaye ile ya Nicklaus, kijana mpya alikuwa na sababu ya kwenda hata kama hajui kodi ni nini.

Lakini kuna jambo lilinitatiza. Cristobal Young na wenzake walichambua kumbukumbu za kodi za mamilionea wa Marekani, wakakuta kwamba kwa mwaka wanaohama jimbo ni asilimia 2.4 tu, chini ya asilimia 2.9 ya watu wote. Matajiri hawahami ovyo! Wana biashara, wenzi, watoto shuleni. Na kule kuhama kidogo kwa ajili ya kodi kulielekea karibu kote Florida. Kwa nini basi wacheza gofu wawe tofauti?

Nadhani jibu ni umri. Mwanasheria anapata milioni yake akiwa na miaka 50, tayari ameota mizizi. Tiger Woods aliingia kwenye gofu ya kulipwa Agosti 1996 akiwa na miaka 20, hana mke wala mtoto, na mikataba ya mamilioni mkononi. Akaenda Isleworth, karibu na Orlando. Mlinganishe na Phil Mickelson, mzaliwa wa San Diego. Mwanzoni mwa 2013 alilalamika hadharani kuhusu zile kodi mpya za California, akadokeza mabadiliko makubwa, kisha akaomba radhi kwa kulisema jambo hilo mbele ya watu. Akafunga virago? Hapana. Aliendelea kuishi San Diego kwa miaka mingi, familia ikiwa palepale.

Wanariadha wa Iten, Kenya, wana bahati ya kinyume. Mita 2,400 juu ya usawa wa bahari hazihamishiki, kwa hiyo dunia nzima inawafuata. California haikuwa na kitu cha namna hiyo cha kumshikia Woods. Ilikuwa na Heartwell, uwanja mdogo wa umma mjini Long Beach ambako alijifunza akiwa mtoto, wenye mashimo mafupi na taa za kuchezea usiku. Fedha alizokuja kuzipata kwa kofia na viatu zilihesabiwa ng'ambo ya pili ya nchi. Heartwell bado upo, na mtu yeyote anaweza kulipa kiingilio akacheza.