Safari ya Krismasi: Chimbuko Lake na Mafunzo Yake

Kila mwaka, ikiisha kupita Sikukuu ya Jamhuri tarehe 12 Desemba, jiji la Nairobi huanza kumwaga watu wake. Katika vituo vya mabasi utaona magunia, masanduku, magodoro yaliyokunjwa, na watoto waliovaa nguo mpya wakiwashika mama zao wasipotee. Nauli iliyotozwa juma lililopita leo imepanda, na kesho itapanda tena. Watu wengi huuchukulia msukosuko huu kama mvua za masika, yaani jambo lisilo na mwanzo wala mtengenezaji. Lakini safari ya Krismasi ina historia yake, nayo si ndefu sana. Mwenye kuifahamu historia hiyo ataona pia jinsi ya kusafiri kwa raha, tena bila kumaliza fedha zake zote.

Wazee wetu wa kale walikuwa wasafiri hodari. Wakamba walishuka hadi pwani na pembe za ndovu, na misafara ya Waswahili ilikwea bara mpaka Buganda. Walakini hakukuwa na desturi ya maelfu ya watu kuondoka mahali pamoja, katika juma moja, ili wakawaone wake zao na wazazi wao. Haja hiyo haikuwapo, kwa kuwa kazi ya mtu na nyumba yake vilikuwa mahali pamoja. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, na ng'ombe walilala uani.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1896, reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa. Mwezi wa Mei 1899 ilifika mahali penye maji baridi ambapo Wamasai walipaita Enkare Nairobi, na hapo pakajengwa karakana na maghala. Mwezi wa Desemba 1901 ikaufikia ufuko wa Ziwa Viktoria, mahali tunapopaita Kisumu leo. Ilikuwa njia ya kilomita 930 hivi, nayo iligharimu maisha ya vibarua wapatao 2,500 walioletwa kutoka Bara Hindi. Mwaka 1931 gari la moshi lilifika Kampala. Sasa mtu aliweza kwenda kufanya kazi mbali kabisa na kwao, na kurudi kwake kukategemea nauli.

Lakini reli peke yake haiwezi kumtoa mtu nyumbani kwake. Kilichomtoa ni kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba, nayo ikaja kudaiwa kwa fedha, na fedha zilipatikana zaidi kwa kufanya kazi ya mshahara katika mashamba ya walowezi, relini, bandarini, au mjini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, hati iliyotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Ndani yake tajiri aliandika siku kazi ilipoanza na siku ilipokwisha, na aliyeondoka bila idhini aliweza kutafutwa na kushtakiwa. Tena mshahara wake ulihesabiwa kwa kadiri ya kumtosha mtu mmoja tu asiye na jamaa. Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilikiri jambo hilo katika ripoti yake ya mwaka 1954, ikashauri mishahara ipandishwe iwatosheleze watu wenye familia.

Hapo ndipo safari ya Krismasi ilipozaliwa. Mume alikuwa mjini katika chumba kidogo, mke na watoto walikuwa mashambani, na katika mwaka mzima siku za kuonana zilikuwa chache. Sikukuu ya Krismasi, ambayo makanisa yalikuwa yameieneza, iliangukia mwisho wa mwaka, wakati shule zimefungwa na waajiri wengi wakitoa likizo. Kwa sababu hiyo hata asiyekuwa Mkristo alisafiri siku hizo. Msomaji na aelewe basi kwamba safari hii tangu awali haikuwa matembezi ya anasa. Ilikuwa daraja la kuunganisha familia iliyogawanywa.

Wasafiri wa zama hizo walipanda gari la moshi daraja la tatu, wakakaa juu ya mabenchi ya mbao, wamebanana usiku kucha. Ubaguzi wa rangi ulikuwa wazi katika mabehewa kama ulivyokuwa wazi katika hoteli na hospitali. Hata hivyo, reli ilikuwa na sifa moja tusiyopaswa kuisahau. Saa ya kuondoka ilijulikana, na nauli ilipangwa kwa orodha iliyotangazwa. Karani hakuipandisha kwa kuwa watu wamejaa dirishani. Kwa hiyo mtu wa Yala au Butere aliyefanya kazi Nairobi aliweza kujua tangu mwezi wa Agosti ni shilingi ngapi atakazohitaji Desemba, naye akaziweka kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kulikuwa na miaka ambayo hata mwenye nauli hakuweza kwenda. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji ruhusa ya serikali ili wasafiri, na maelfu yao walikuwa kizuizini. Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Kati sikukuu zilipita na kiti cha baba kikiwa kitupu. Anayelalamika leo kwa sababu basi limechelewa saa mbili yafaa awakumbuke hao.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, vizuizi vya kuhamia mijini vilikuwa vimelegea, na miji ikakua kwa haraka. Barabara nazo zilikuwa zimeenea. Ile ishukayo ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu ilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano, ambao kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali limesimama kando ya njia. Mabasi yakaanza kuchukua abiria wa reli. Yakaja na matatu, yaliyopata jina hilo, kama isemwavyo, kutokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kuchukua abiria bila leseni maalumu. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na reli yake ikagawanywa. Kadiri miaka ilivyopita, abiria wengi wakaiacha reli, wakafuata barabara.

Gari la barabarani lina faida kubwa, kwani hufika mpaka karibu na mlango wa nyumba. Lakini nauli yake haina orodha kama ile ya reli. Hupanda kufuatana na wingi wa abiria, na sababu yake si uroho peke yake. Tufikirie basi liendalo Kakamega tarehe 23 Desemba. Kwenda litajaa pomoni. Kurudi Nairobi litakuja na viti vitupu, kwa maana hakuna aelekeaye mjini siku hiyo. Mwenye basi hulipia mafuta ya njia mbili kwa abiria wa njia moja. Baada ya Mwaka Mpya mambo hugeuka, wa kurudi mjini wakawa wengi, nayo nauli ya kurudi hupanda. Basi mwenye kuondoka siku kumi kabla ya wenzake, au mwenye kurudi kabla ya msongamano wa Januari, huikwepa hesabu hiyo.

Jambo lililo zito kuliko nauli ni uhai. Dereva anayetaka kufanya safari nyingi katika siku chache hukimbia na hukosa usingizi. Waziri John Michuki alijaribu kuurudi mwenendo huu. Kuanzia Februari 2004 magari ya abiria yalitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Walakini sheria ni lazima isimamiwe kila siku. Tarehe 31 Desemba 2017, usiku wa manane kuamkia alfajiri, basi liligongana na lori huko Migaa, katika barabara ya Nakuru na Eldoret, wakafa watu 36. Serikali ikapiga marufuku kwa muda safari za usiku za mabasi ya masafa marefu. Wako waliolalamika kwamba watapoteza siku nzima barabarani, lakini siku hulipika, na maisha hayalipiki.

Katika miaka ya karibuni reli imeanza kurudi. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na Desemba 2021 gari la moshi la abiria likaanza tena kwenda Kisumu. Tikiti za reli mpya ya Mombasa hununuliwa mapema, hata kwa simu, nayo nauli ni ile iliyotangazwa. Mwanzoni daraja la kawaida lilikuwa shilingi 700 kwa safari nzima. Kuanzia Januari 2024 likawa shilingi 1,500. Tuchukue kiwango hicho tupige hesabu. Watu wazima watano, kwenda na kurudi, walihitaji shilingi 15,000. Fedha hizo zikitafutwa juma la Krismasi ni mzigo wa kumvunja mtu mgongo, na pengine ni deni. Zikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 1,250 kwa mwezi.

Ninyi mnaosoma haya mkiwa shuleni mtakuwa wenye kupanga safari hizi baada ya miaka michache. Wekeni nauli ya kwenda na ya kurudi pamoja, wala msiile ya kurudi kwa kuchinja na kualikana. Wengi hufanya hivyo, ndiyo maana mwezi wa kwanza wa mwaka umepachikwa jina la utani la Njaanuari, ilhali karo ya shule yangoja. Mizigo mizito itangulizeni mapema. Pandeni gari kituoni, tena mchana, na dereva akipita kiasi mwambieni bila kuona haya. Tikiti inunuliwe mapema, kwani ngojangoja huumiza matumbo.

Kodi ya nyumba imekwisha, na kipande kimekwisha, lakini familia nyingi za Kenya zingali zimegawanyika kati ya mji na shamba. Yuko bibi mzee mashambani anayezihesabu siku tangu Novemba, amekwisha kuchagua kuku wa kuchinja. Yeye hajui lolote juu ya bei ya mafuta wala msongamano wa mabasi. Ajualo ni kwamba mwanawe aliahidi kuja, na ahadi hiyo ndiyo ya kuanza kuitengenezea njia tangu mwezi wa Januari.