Risasi ya Uluguru na Umri wa Mawe

Majina ya vipindi vya dunia ni ya Ulaya kwa wingi: Devoni inatokana na jimbo la Devon, Uingereza, Permi na mji wa Perm, Urusi, na Jura na milima ya mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Wataalamu wa karne ya 19 waliyapanga matabaka ya mawe kwa visukuku vilivyomo, na utaratibu huo ulifaa hata huku kwetu. Mawe ya chokaa ya Kidugallo, kando ya Reli ya Kati, yakawekwa kwenye Jura. Lakini kisukuku hueleza nani alitangulia na nani alifuata tu, miaka hakihesabu. Mawe ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, yaliyoiva kwa joto na mgandamizo kilomita nyingi chini ya ardhi, hata visukuku hayana. Hata hivyo, milima hiyo iliyokosa nafasi katika orodha ya vipindi ilisaidia sana kuipatia orodha yenyewe miaka.

Enzi za Wajerumani, pamoja na ulanga wa Uluguru yalipatikana madini meusi, mazito, ya urani. Mwaka 1906 Willy Marckwald wa Berlin alichunguza unga wa njano uliotokana nayo, akauita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Urani hugeuka risasi polepole, nusu yake ikichukua takriban miaka bilioni 4.5, basi ukipima vyote viwili unapata umri, mradi risasi hiyo kweli imezaliwa na urani. Uthibitisho ulitoka Vienna kuanzia 1914. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz walipima risasi ya madini ya Morogoro wakapata uzito wa atomu wa karibu 206.05, ilhali risasi ya kawaida ni 207.2, tofauti iliyoonyesha kuwa ilizaliwa na urani.

Atasema mtu kwamba Morogoro ilitoa jiwe tu, akili ilikuwa Vienna. Kazi ilikuwa yao, sikatai. Lakini risasi ya madini ya Joachimsthal, kule Bohemia, ilikuwa imechanganyika na ile ya kawaida, ya Morogoro ikawa karibu safi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba fuwele husema ilipoganda yenyewe, haisemi mlima uliinuka lini. Ni kweli, na ndiyo maana umri wa mawe ya Uluguru ni umri wa kuiva kwake: takriban miaka milioni 640, mwishoni mwa kipindi cha Kriyojeni. Kipindi kinachofuata, Ediakara, kiliidhinishwa mwaka 2004 na mwanzo wake ukawekewa alama mwambani, Australia. Mwanzo wa Kriyojeni, miaka milioni 720 iliyopita, bado umewekwa kwa tarakimu tupu.