Vijana Wakiongoza, Wazee Wakisaidia
Habari za Skauti, pamoja na mambo ya Upare yaliyo jirani nazo

Yubile ni wakati wa kukumbuka na kushukuru. Dayosisi yetu ya Pare ilianza mwaka 1975, lakini mbegu ilipandwa zamani zaidi, katika mwaka 1900, wamisionari wa Leipzig walipoweka kituo chao Shigatini. Na baadaye kazi ikafika Gonja, Vudee, na Mbaga katika mwaka 1908. Katika vitabu vya yubile twazoea kuhesabu makanisa, shule na hospitali, nayo ni haki kuyahesabu. Lakini liko jambo moja lisilohesabika kwa mawe wala kwa mabati, nalo ni hili: ni nani aliyewafundisha vijana kuongoza, na aliwafundishaje?

Makala haya yajibu swali hilo kwa kutumia habari za Skauti. Tumezichagua kwa kuwa mwanzo wake wajulikana vema, na kwa kuwa mwanzilishi wake amezikwa katika Afrika yetu ya Mashariki. Tena zatufundisha neno ambalo kila mwalimu na kila mzee wa usharika apaswa kulifikiri: kundi la vijana hudumu pale vijana wenyewe wanaposhika uongozi, na mtu mzima anapokubali kuwa msaidizi.

Desturi za kale katika milima yetu

Wapare hawakungoja wageni ili wajue ya kuwa kijana hufunzwa kwa kazi. Zamani wavulana walikusanywa katika msitu wa mila, uitwao mshitu, wakakaa huko chini ya wazee, wakafundishwa mambo ya utu uzima. Wamisionari wengi waliiona desturi hiyo kuwa kazi ya giza, kwa sababu ilifungamana na matambiko, nao wakawakataza Wakristo kuifuata. Hata hivyo ndani yake palikuwa na hekima moja isiyokuwa ya giza: vijana wa rika moja waliwekwa pamoja ili wachukuliane, na wazee walikuwa karibu nao.

Iko na desturi nyingine, ambayo Kanisa halikuikataza, nayo ni msaragambo. Mfereji ukibomoka, au njia ikiharibiwa na mvua, au ndiva ikijaa matope, watu waliitwa wote kwa kazi moja. Ndiva, kama ajuavyo kila aliyezaliwa milimani, ni bwawa linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu, kila mwenye shamba apate haki yake. Kazi ya namna hii haifundishwi kwa maneno. Kijana hushika jembe pamoja na wenzake, huona jinsi zamu zigawanywavyo, na hujifunza ya kuwa akikosa yeye, maji hayafiki kwa jirani. Huo nao ni shule ya uongozi, ijapokuwa haina ubao wala chaki.

Jinsi Skauti ilivyoanza

Baden-Powell alikuwa askari wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1857. Katika vita vya Makaburu alizingirwa katika mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Watu wazima walikuwa wachache, ndipo ofisa mmoja, Lord Edward Cecil, akawakusanya wavulana wa mji wapeleke barua na kulinda zamu. Mkubwa wao alikuwa mvulana mwenzao, jina lake Warner Goodyear. Baden-Powell aliona ya kuwa mtoto akiaminiwa kazi ya kweli, huifanya. Lakini haifai kuisimulia habari ya Mafeking kwa sifa tu, kwa maana Waafrika wengi waliteseka kwa njaa katika mji huo, na wanahistoria wamemlaumu Baden-Powell kwa jinsi chakula kilivyogawanywa.

Katika Agosti 1907 alifanya kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wavulana walikuwa kama 20, wengine wa shule za matajiri, wengine wana wa mafundi na wafanya kazi. Aliwagawanya katika vikosi vinne, akaviita Mbwa-mwitu, Fahali, Kunguru na Sululu, na kila kikosi kikawa na kiongozi wake katika wavulana wenyewe. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe la tandala, alilolipata katika vita vya nchi ya Wamatabele mwaka 1896. Na kila usiku kikosi kimoja kwa zamu kilipewa unga, nyama na viberiti, kikaenda kulala mbali na kambi, kijipikie na kujilinda. Hapo hapakuwa na mkubwa wa kuwasukuma. Kiongozi wao, mvulana kama wao, ndiye aliyepaswa kuona ya kuwa moto umewaka na mlinzi hakusinzia.

Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu chake, Scouting for Boys, kwanza katika sehemu ndogo ndogo zilizouzwa kwa bei nafuu. Ndipo likatokea jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitazamia. Alidhani vyama vya vijana vilivyokuwako vingekitumia kitabu hicho. Bali wavulana walikinunua wenyewe, wakajiunga wenyewe vikosi vikosi, kisha wakaenda kutafuta mtu mzima wa kuwasaidia. Mwezi wa Septemba 1909, walipokutana maelfu yao katika Crystal Palace huko London, walionekana na wasichana miongoni mwao, ambao hakuna aliyewaalika, nao wakataka kuhesabiwa. Kwa ajili yao Chama cha Girl Guides kilianzishwa mwaka 1910. Basi tuangalie utaratibu huo: vijana walitangulia, na walezi wakafuata wakiitwa.

Kazi ya kiongozi mdogo na kazi ya mlezi

Mpango wa vikosi ndio moyo wa Skauti. Kikosi ni vijana sita, saba au wanane, wanaojuana kwa majina na kwa tabia. Wana kiongozi wao na msaidizi wake. Mmoja ametwikwa chakula, mwingine vyombo, mwingine dawa za huduma ya kwanza, mwingine kumbukumbu za mkutano. Viongozi wa vikosi vyote hukutana katika baraza lao, huamua safari iwe wapi, na mwenzao aliyekosa aonywe namna gani. Roland Philipps, kijana Mwingereza aliyeandika juu ya mpango huu mwaka 1914, aliueleza kwa bidii nyingi. Naye aliuawa vitani huko Ufaransa mwaka 1916, akiwa bado kijana.

Je, mlezi afanye nini, ikiwa vijana wafanya yote haya? Kazi yake si ndogo. Pengine ni ngumu kuliko kuamuru. Huwafundisha viongozi kwanza, kando, ili nao wakawafundishe wenzao. Huketi barazani akisikiliza, wala hasemi mpaka neno lake lihitajiwe. Hutazama hatari: mto uliojaa, moto karibu na majani makavu, mtoto aliye mgonjwa akaficha, na katika mambo hayo hangoji kura ya mtu. Huzungumza na wazazi. Huangalia fedha zihesabiwe waziwazi. Tena hujilinda yeye na kuwalinda watoto kwa kutokaa peke yake na mtoto mahali pa siri, maana sifa njema ya kundi na usalama wa mtoto havina bei.

Zaidi ya hayo, mlezi huvumilia makosa. Ugali ukiungua kwa sababu mpishi alikuwa akipiga soga, wataula umeungua, na safari ijayo hautaungua. Mlezi akimnyang'anya mwiko, ugali utakuwa mzuri leo, lakini kesho hapana mpishi.

Skauti katika Afrika ya Mashariki

Skauti iliingia nchi zetu pamoja na utawala wa Waingereza, nayo ilichukua mazuri na mabaya ya wakati ule. Watawala wengi walitumaini ya kuwa itawafanya vijana watii serikali. Huko Afrika ya Kusini watoto wa Kiafrika hawakupokewa katika chama kimoja na Wazungu, wakawekwa katika chama chao, Pathfinders, na hata mwaka 1936 ulipofanyika mpango mpya, walikaa katika matawi ya mbali mbali. Lakini sheria ya nne ya Skauti yasema ya kuwa kila skauti ni ndugu wa kila skauti. Vijana wa Kiafrika waliisoma sheria hiyo wakaielewa vema kuliko wengi waliowafundisha, wakauliza: ikiwa sisi ni ndugu, mbona twatengwa? Hivyo chombo kilicholetwa kufundisha utii kilifundisha pia haki.

Kijana mmoja wa shule ya Serikali ya Tabora, aliyesoma huko tangu 1937 hata 1942, alikisoma kitabu cha Baden-Powell akajiunga na Skauti. Jina lake lilikuwa Julius Nyerere. Hatusemi ya kuwa Skauti ndiyo iliyomfanya kuwa kiongozi wa taifa. Twasema tu ya kuwa alipokuwa kijana alipata mahali pa kujaribu.

Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiweka njiani ili kuwajulisha wenzao ya kuwa mwenye kuitia amekwenda nyumbani. Majivu ya mkewe Olave, aliyekuwa kiongozi wa Girl Guides wa dunia yote, yalizikwa papo hapo mwaka 1977. Baada ya Uhuru maskauti wa nchi yetu waliingia katika umoja wa dunia mwaka 1963. Mwaka 1973 mkutano mkuu wa Skauti wa dunia ulifanyika Nairobi, wa kwanza katika Afrika. Na mwaka 2010 vijana wa nchi nyingi walikutana katika kambi ya Rowallan, Nairobi.

Kanisa nalo lilijifunza vivyo hivyo

Jirani zetu wa Old Moshi walikuwa na mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Afrika mwaka 1902. Yeye alitazama desturi za Wachaga za rika, akaona si zote za kutupwa. Basi vijana wa Kipaimara akawaunganisha katika vikundi vidogo, walindane kama watu wa ngao moja, na umoja wao uendelee hata baada ya kupokewa mezani pa Bwana. Wako waliomlaumu ya kuwa alipenda mno mambo ya kale. Hata hivyo jambo moja aliliona wazi: kijana hulindwa na kijana mwenzake saa ambazo mchungaji hayupo.

Na saa hizo zilikuja kweli. Vita vilifika Upare mwaka 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa nchini, wala hawakurudi mpaka mwaka 1925 na baadaye. Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, waliondolewa tena. Katika miaka hiyo walimu na wazee wenyeji, na wengi wa walimu walikuwa vijana, walipiga kengele, walifundisha, walizika wafu na kuwafariji waliofiwa. Kazi haikuzimika, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kupewa sehemu ya kazi kabla ya dhoruba. Kama wangalifundishwa kusikiliza tu, wangalishika nini?

Neno kwa sharika na kwa walimu

Jambo hili latugusa leo. Shule zetu na sharika zetu zajua huzuni hii: mwalimu mwenye bidii aanzisha kundi, vijana wajaa, skafu zang'aa, kisha mwalimu ahamishwa, na baada ya muhula mmoja hapana kundi tena. Watu husema vijana wa siku hizi hawana moyo. Lakini yafaa kuuliza kwanza kama yule mwalimu alikuwa ameshika kila kitu, ufunguo wa stoo, daftari la fedha, na hata filimbi. Kundi lililokaa juu ya mabega ya mtu mmoja huondoka pamoja na mabega yake.

Basi anayetaka kuwasaidia vijana aanze na machache. Achague pamoja nao kikosi kimoja, kisha cha pili. Awape kazi ya kweli, si mchezo wa kujaza saa. Katika nchi yetu kazi haikosekani: pana miche ya kupandwa katika tambarare kavu ya Same, pana ndiva za kuzibuliwa pamoja na wazee, pana vikongwe wasio na wa kuwatekea maji, pana safari ya kupanda kuelekea Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, mita 2,462, ambako kijana asiyejiandaa hufunzwa na baridi. Waache wapange safari hiyo wao wenyewe, awaulize tu maswali: maji yatatoka wapi? Mdogo wenu akichoka mtafanyaje? Mmeomba ruhusa kwa nani?

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli. Lakini hawakusema ya kuwa neno lote ni la wazee.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, twasoma habari za Yethro, mkwewe Musa. Alimwona Musa amechoka kwa kuamua kila jambo peke yake, akampa shauri aweke wakuu wa maelfu, na wa mamia, na wa hamsini, na wa kumi. Shauri likafuatwa, kazi ikagawanywa. Na Yethro akafanya nini? Hakubaki awe mkuu wa wakuu. Aliagana na Musa, akarudi katika nchi yake.

Bwana atupe katika miaka ijayo ya Dayosisi yetu akina Yethro wengi: wanaume na wanawake watakaoshauri kwa upendo, watakaolinda bila kukoma, na watakaojua saa ya kuondoa mkono. Ndipo watoto wetu watakapoadhimisha yubile yao, watakuwa wao wenyewe ndio walioipanga.