Swali Dogo la Msafiri

Katika safari za ng'ambo, swali dogo huweza kuzaa jambo kubwa. Ibn Battuta wa Tangier, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, asimulia kwamba baadaye, huko Uchina, alimkazia macho mtu aliyekuja kumwamkia. Walipoulizana kwao, mmoja alitaja Ceuta, mwenziwe Tangier, miji jirani ya Maghribi. Wakalia wote wawili. Mwaka 1351, akiwa njiani kwenda Mali, alifikia Sijilmasa, ukingoni mwa Sahara, akakaribishwa na ndugu wa mtu yule. Bila lile swali, angelala nyumba ile asijue kitu. Basi, ndugu zangu, atakayetumwa ugenini kikazi na afunge majalada yake jioni, amwulize jirani: kwenu wapi?