Gati, si Bandari

Mwongozo mmoja wa programu uliotafsiriwa karibuni una sura yenye kichwa "Kutatua Mgongano wa Bandari". Kwa msomaji wa Pwani, maneno hayo yanahusu Tanga na Mombasa kugombea shehena. Hayamwambii lolote kuhusu programu mbili zinazogombea namba 8080 ndani ya kompyuta moja.

Simlaumu mfasiri. Lawama ni ya wanakamati wa istilahi waliofungua kamusi, wakachukua neno la kwanza waliloliona, wakalipitisha na kufunga kikao.

Laiti wangerudi kwenye asili. Kilatini kilikuwa na maneno mawili yanayokaribiana: portus, yaani bandari, na porta, yaani lango. Kiingereza kiliyaviringa yote mawili katika umbo moja, port. Wala wajenzi wa mitandao hawakuanza nalo: siku za mwanzo za mtandao wa ARPANET namba hizi ziliitwa za soketi, na ndivyo alivyoziita mmoja wao, Jon Postel, mwaka 1972 alipopendekeza ziwekewe utaratibu rasmi. Bandari, kwa upande wake, tumelipata kwa Waajemi, ni bandar ile ile ya Bandar Abbas, na kwetu limebeba mahali pazima: maji, maghala, forodha na magati yake. Katika mtandao, mahali pazima ni mashine yenyewe na anwani yake. Namba 0 hadi 65535 ni sehemu zilizomo ndani. Sehemu ikipewa jina la kitu kizima, kitu kizima kitaitwaje?

Watu wa Pwani wana jina la sehemu hizo: gati. Gati hutambulika kwa namba. Mombasa ilipozindua gati jipya mwaka 2013, lilijulikana kama gati namba 19. Meli ikishafunga kamba hapo, nyingine itangoja nje au itapangiwa gati jingine. Programu nazo ni hivyo hivyo: moja ikishashika 8080 na kusikiliza hapo, ya pili ikija mfumo unaikatalia. Hata ile hali inayowatatiza wanafunzi, programu imeshafungwa lakini namba bado inakataa, inaelezeka. TCP huendelea kuushikilia muunganisho uliokwisha kwa muda, sekunde 60 katika Linux. Mwalimu atasema tu kwamba gati halijaachiwa, naye mwanafunzi ataelewa.

Wapo wanaotetea mlango, wakiamini wameikaribia porta. Mlango hupitisha watu. Haushikwi na mmoja akawazuia wengine. Tena lango tunalihitaji kwa kifaa kinachounganisha mtandao na mtandao, na maneno hayo mawili yakikaa ukurasa mmoja yatapotosha. Wengine wameridhika na poti. Hilo ni sauti tu. Halimfundishi mwanafunzi kitu.

Nilipowasilisha gati mbele ya jopo moja la istilahi, nilijibiwa kwamba ni neno la makuli, halina hadhi ya kitaalamu. Jibu hilo liliniudhi na linaniudhi hadi leo. Shafi Adam Shafi aliandika riwaya nzima kuhusu watu hao, Kuli, na Kiswahili hakikupungukiwa hadhi. Wanaopakia na kupakua shehena wanaijua tofauti ya gati na bandari. Jopo lililowadharau ndilo lililoshindwa kuiona.

Matumizi hayana ugumu. Ukiarifiwa kuwa gati 8080 limeshikwa, mtafute aliyelishika kwa lsof -i :8080 katika Linux au Mac, au netstat -ano katika Windows. Kama programu hiyo haihitajiki ifunge, la sivyo ihamishie yako gati 8081.

Basi tuseme gati na magati, gati limeshikwa, gati liko wazi, na badala ya mgongano wa bandari tuseme kugombea gati. Wanaoandaa orodha mpya ya istilahi walifute neno bandari katika maana hii kabla halijaingia vitabu vya shule, kwa sababu mwanafunzi akishafunzwa kosa kwa jina rasmi, kumfundua ni kazi ya miaka.