Chupa Iliyolia kama Bunduki

Watu wengi hudhani kwamba kutia pombe katika chupa ni kazi ya kumimina na kuziba tu. Historia yakanusha dhana hiyo. Ilipita miaka mingi sana kabla ya wanadamu kufahamu sawasawa kwa nini chupa moja hukaa kimya, na ya pili yake hupasuka ikamjeruhi mtu uso na macho. Sisemi haya ili kumvuta mtu kwenye ulevi. Nasema kwa kuwa kazi yenye hatari haifai kufanywa gizani.

Kule Uingereza yasimuliwa habari za Alexander Nowell, aliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli ya Westminster, na mwaka 1560 akafanywa Mkuu wa kanisa la St Paul's, London. Bwana huyu alipenda sana kuvua samaki kwa ndoana. Siku moja alisahau chupa yake ya pombe majanini karibu na mto. Alipoirudia baada ya siku kadhaa na kuizibua, ililia kama bunduki. Habari hizi zimo katika kitabu cha Thomas Fuller kilichochapwa mwaka 1662. Pengine zimetiwa chumvi kidogo, lakini mlio ule si ajabu. Hamira ilikuwa bado hai ndani ya chupa, ikila sukari iliyosalia na kutoa hewa. Na hewa hiyo haikuwa na njia ya kutokea.

Chupa za siku zile zilikuwa dhaifu. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza alikataza kuni zisitumiwe katika tanuri za kioo, kwa sababu miti ilitakiwa kwa kuunda merikebu. Mafundi wakalazimika kutumia makaa ya mawe, ambayo moto wake ni mkali zaidi, na baadaye wakapata kioo kinene chenye nguvu. Mwaka uo huo Gervase Markham alitoa kitabu cha kazi za nyumbani, akiwashauri watu wafunge vizibo kwa uzi imara, na kuzika chupa nusu yake katika mchanga mahali pa baridi. Watu walikwisha kujua hatari, ila hawajajua asili yake.

Elimu ilikuja polepole. Mwaka 1784 John Richardson aliandika jinsi ya kupima sukari iliyomo katika pombe kwa chombo kieleacho. Mwaka 1837 Theodor Schwann alionyesha kuwa hamira ni kitu chenye uhai. Na mwaka 1876 Louis Pasteur wa Ufaransa alitoa kitabu chake juu ya bia, akieleza kwamba vijidudu vigeni ndivyo vinavyoiharibu. Kisha mwaka 1892 William Painter wa Baltimore, Marekani, akapewa hati ya kizibo cha bati chenye meno, ambacho twakijua sote.

Sasa tufanye hesabu kama wanafunzi. Gramu 1 ya sukari, ikiliwa na hamira, huzaa karibu robo lita ya hewa. Basi ukitia gramu 6 katika kila lita ya pombe iliyokwisha kuchacha, utapata lita moja na nusu ya hewa. Hiyo chupa nzuri ya bia huistahimili. Lakini ukiziba pombe ambayo bado ina gramu 20 za sukari katika lita, hewa itafika lita 5. Hapo umeweka bomu nyumbani mwako.

Kwa hiyo anayeanza na ashike mambo haya. Asubiri mpaka kipimo kionyeshe namba ile ile siku tatu mfululizo. Sukari ya kuongeza aipime kwa mizani, asikisie kwa mkono. Chupa azisafishe kwa dawa ya kuulia vijidudu. Zenye ufa au kioo chembamba azitupe. Aache nafasi ya vidole viwili chini ya kizibo, kisha aziweke katika sanduku lenye kifuniko, mbali na watoto na jua.

Wazee wetu hawakuwa na kipimo hicho, lakini walikuwa na busara yao. Mbege ya Wachaga, iliyopikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, hunywewa ingali ikichacha, wala haikukusudiwa kufungiwa. Mtu akiichukua leo na kuiziba katika chupa kwa nguvu, ataona yale aliyoyaona Bwana Nowell, na huenda yeye asibaki na macho ya kusimulia. Haraka haraka haina baraka. Na katika kazi hii, baraka ya kwanza ni kungoja.